Mnyororo wa Mpea

Mnyororo niliukata mwenyewe. Nianze hapo, maana watu wa mtaa wetu wakisimulia habari ya siku ile huanzia kwenye barafu, na barafu haikuwa na kosa lolote. Niliukata mwezi wa Oktoba, saa nne asubuhi, jua likiwaka vizuri, na mama yangu akiwa amelala kitandani upande wa pili wa dirisha la sebule. Niliamini kwamba amelala.

Baba aliufunga mnyororo ule miaka ishirini iliyopita, baada ya barafu kubwa kumpasulia jirani mpea wake katikati. Mipea ya maua ya mtaa wetu wa Quail Hollow ilikuwa kumi na mmoja. Ilipandwa siku moja, mmoja mbele ya kila nyumba, na yote ilitokana na vipandikizi vya mti mmoja, kwa hiyo ukiujua mmoja umeijua yote. Inakua haraka, inajipanga yenyewe kama yai lililosimamishwa, na mwezi wa tatu inajaa maua meupe kabla jani hata moja halijatoka. Inanuka samaki aliyesahauliwa juani, lakini hilo tulilizoea. Ubaya wake uko kwenye panda, pale shina linapogawanyika. Matawi makubwa yanachipuka mahali pamoja, yamebanana, na gome linajikunja kwa ndani, kwa hiyo mbao hazishikani. Unaona mti mmoja, kumbe ni miwili inasukumana.

Baba, Hollis Cobb, alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha nguo, na aliamini hakuna kitu duniani kisichoweza kukazwa. Alichukua mnyororo wa kuvutia magogo, akauvika mpira wa bomba la maji, akauzungusha kwenye mashina mawili juu kidogo ya panda, akakaza kwa bolti. Kila Januari alipanda ngazi akapunguza matawi ya ndani ili upepo upate njia, na mama alisimama chini akishika ngazi na kumgombeza. Alifariki miaka sita iliyopita, mpea ukiwa maua matupu. Baada yake hakuna aliyepanda ngazi. Gome liliumeza mnyororo pande zote mbili, kikabaki kipande cha katikati tu, urefu wa mkono, kinachoonekana kati ya mashina.

Mimi ni Glenda, mtoto wao wa pekee. Nimeendesha basi la shule miaka ishirini na minane hapa Carolina Kusini, na mtu aliyebeba watoto hamsini wa darasa la sita kila asubuhi hatishwi ovyo. Mama alipovunjika nyonga mwezi wa sita nilirudi nyumbani kumuuguza. Tulimwekea sebuleni kitanda cha hospitali chenye magurudumu, aweze kuona barabara na mti wake. Kazi ya kumuosha, kumgeuza, kumlisha na kusikiliza redio yake ya kanisani ikawa yangu.

Oktoba nilimsikia mtu wa mambo ya bustani akisema redioni kwamba mnyororo unaunyonga mti, uondoe, uache mti upumue. Mimi nikishaudhika na kitu sisubiri kesho. Nilitoa garajini grenda ya baba, mashine yake ya kukatia chuma, nikapanda ngazi, nikakata. Cheche ziliruka, pete ya chuma ikaachia, na vile vipande viwili vikaning'inia kila kimoja upande wake.

Halafu mti ukaguna.

Haukuwa mlio mkubwa. Uliguna kama mzee anayejiinua kitini, na pale kwenye panda nikaona mstari mweusi ambao haukuwepo. Nilikuwa na penseli ya useremala sikioni. Niliichomeka kwenye ule mstari, ikazama mpaka mwisho. Nilishuka ngazi.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hakuna mwenye akili timamu ambaye angefanya hivyo. Nilikimbia garajini nikachukua waya mweusi, nikarudi nikaviunganisha vile vipande viwili ili ukitazama kutoka dirishani uone mnyororo mzima. Ule ufa niliupaka lami ya kuzibia paa. Waya wenyewe usingeweza kuzuia hata lango la kuku. Nilipoingia ndani mama alikuwa amefumbua macho.

"Ulikuwa unafanya nini huko juu?" akaniuliza.

"Nasafisha majani kwenye mfereji wa paa, Mama."

"Mnyororo wa Hollis upo?"

"Upo."

Ningesema nini? Ile ilikuwa kazi ya mikono ya baba, na yeye kila asubuhi alikuwa anaitazama kama wengine wanavyotazama picha ukutani. Nilijiambia nitamweleza kesho. Lakini kila asubuhi aliniuliza swali lilelile, mnyororo wa Hollis upo, na kila asubuhi nikajibu upo, na kila jibu likawa linafanya la kesho yake kuwa gumu zaidi.

Kuanzia hapo niliishi na hofu. Nikienda kuchukua barua kwenye sanduku nilipitia mtini na penseli yangu. Novemba ufa ulimeza penseli mbili. Upepo ukivuma kidogo tu, nilisimama jikoni na sufuria mkononi nikisikiliza. Shina lile la upande wa nyumba lilikuwa limeinama kuelekea dirishani, na chini ya dirisha kulikuwa na kitanda, na kitandani kulikuwa na mama yangu, mwenye miaka themanini na minane, ambaye hakuweza kuteremka peke yake hata nyumba ingewaka moto.

Nilijaribu kumhamisha kwa hila. Nilimwambia upepo unapenya dirishani, akasema niongezee blanketi. Nilimwambia nataka kusafisha zulia, akasema nisafishe kumzunguka.

Halafu, wiki moja kabla ya sikukuu ya Shukrani, akanishangaza.

"Glenda, hebu nisogeze karibu zaidi na dirisha," akasema. "Kitanda kiguse ukuta kabisa. Nataka niuone mti vizuri."

Nilisimama nimeshika kitanda kwa mikono miwili. Kukataa kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Nilifungua breki za magurudumu nikasukuma mpaka chuma kikagusa ukuta chini ya kioo. Mama hakuutazama mti. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, kisha akasema asante. Nilidhani ni macho tu, kwamba siku hizi yanachelewa kujua yatazame wapi. Na tangu wiki ile akaanza tabia mpya: kila nikimsogelea kumgeuza, alishika kile chuma cha pembeni mwa kitanda akakibana. Hilo nalo nikaliweka kwenye uzee.

Januari nilimwita fundi wa miti, mama nikamwambia ni mtu wa mita ya umeme. Jamaa aligonga shina kwa nyundo ya mpira, akaukwangua ufa, akaikuta lami yangu. Akanitazama.

"Nani alipaka hii?"

"Mimi."

"Umewapikia mchwa supu," akasema. Kisha akauona waya, akaacha mzaha. "Dada, mti huu hauhesabiwi miaka tena, unahesabiwa siku. Nani analala hapo dirishani?"

"Mama yangu."

"Mtoe leo. Mimi siwezi kuja na mashine kabla ya wiki ya kwanza ya Machi, nimejaa. Lakini yeye mtoe leo."

Niliingia ndani nikiwa nimejikaza kusema. Nilisema nusu. Nilimwambia mama mti umezeeka, inafaa tuukate. Akasema sawa, tutaukata ukishatoa maua, anataka kuyaona mara moja tena. Nikasema ni hatari. Akauliza, hatari gani, mnyororo si upo? 

"Upo," nikasema.

Wiki ya pili ya Februari redio ikatangaza mvua ile inayoganda ikigusa kitu. Watu wa kwetu wakisikia hivyo hukimbilia mkate na maziwa, sijui ni nani aliyetuambia kwamba barafu inazuiliwa kwa mkate na maziwa, na mimi nikakimbia nao. Dukani nilikutana na Dewey Pruitt, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane kama mama, mdomo haumtulii. Yeye alishaukata mpea wake. Jimboni kwetu miche yake hairuhusiwi kuuzwa tena, maana inajipandia yenyewe kila pori, na watu wa misitu wanakupa mche wa mwaloni bure ukiwaletea picha ya kisiki chako. Mwaloni wa Dewey ulikuwa haujafika hata gotini, na aliuwekea kibao: Nipe miaka sitini.

"Mlete mama yako, Bi Idella, kwangu leo," akaniambia. "Nina jiko la kuni, nina karata. Ule mti wenu siupendi kabisa ulivyosimama."

Nilimpelekea mama ujumbe. Mama akasema hajawahi kulala nyumba ya mwanamume asiye mume wake, na hataanza akiwa na miaka themanini na minane.

Mvua ilianza alfajiri. Kufikia saa tatu asubuhi kila kitu kilikuwa kimevikwa kioo: waya za umeme, sanduku la barua, kila kijiti cha mpea na kila tumba la ua juu yake. Umeme ulikatika saa nne. Mtaa ulinyamaza kabisa, hakuna gari, hakuna mbwa, kukabaki mlio mmoja tu, vijiti vikigongana juu ya paa. Kipenseli changu sikukihitaji tena. Kutoka barazani niliuona ufa kwa macho, ningeweza kuingiza mkono.

Mipea saba ndiyo iliyokuwa imebaki mtaani, na wetu ulikuwa wa mwisho huku juu.

Wa kwanza ulivunjika saa tano na nusu, kule chini kwenye kona. Ulilia kama bunduki, kisha ukafuatia mlio mrefu wa vioo vinavyomwagika. Nilikuwa namkorogea mama uji wa mahindi kwenye jiko la gesi. Kijiko kilinidondoka. Dakika kumi baadaye ukalia wa pili, nyumba mbili juu zaidi, na hapo nikaelewa kitu kilichonifanya nishike meza. Miti ile ilikuwa kitu kimoja. Umri mmoja, panda moja, barafu moja, na upepo ulikuwa unapanda mtaa kutoka chini kuja kwetu.

"Mama, twende jikoni," nikasema. "Kuna joto."

"Nina blanketi."

"Mipea inavunjika."

"Naisikia. Sisi tuna mnyororo."

Nilishika kitanda nikafungua breki. Akashika bomba la kipasha joto lililokuwa ukutani, akalibana kwa mikono yote miwili. Hamjui nguvu ya kikongwe aliyeamua. Nilivuta, naye akavuta, akaanza kukohoa, nikaogopa kumvunja mfupa mwingine nikamwachia. Wa tatu ukalia. Nilikuwa nimeanza kulia mwenyewe bila kujua.

Nilimpigia Dewey simu. Nilimwona akitoka mlangoni kwake na mfuko wa mchanga wa choo cha paka, anaumwaga mbele ya miguu yake hatua kwa hatua asiteleze, na katikati ya barabara akaketi ghafla bila kupenda. Akamalizia safari kwa makalio. Siku nyingine ningecheka mpaka niumwe. Aliingia, akavua kofia mbele ya mama.

"Bi Idella, hujambo. Nimekuja kukuchukua twende jikoni."

"Sijambo, Dewey. Siendi."

"Mti ule unakuja ndani, mama yangu."

"Uje."

Dewey akanitazama. "Tumbebe kwa nguvu?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Wewe binti yake mbebe," akanong'ona. "Mimi nimelelewa na mama yangu. Bi Idella alinifundisha Biblia nikiwa na miaka minane. Akisema hapana, mimi mikono yangu haiinuki." Na kweli haikuinuka. Ndivyo tulivyo huku kwetu, tutakufa kwa adabu.

Wa nne ukavunjika. Huo tuliuona. Ulikuwa wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ulifunguka taratibu kama kitabu, nusu ikalala barabarani na nusu juu ya gari. Wetu ukaguna. Niliutambua mguno ule, ulikuwa uleule wa Oktoba. Waya wangu mweusi ulikuwa umekazika sawasawa kama uzi wa gitaa, na mbele ya macho yangu ukakatika. Vipande viwili vya mnyororo vikaning'inia wazi.

Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, hakuna mnyororo," nikasema. "Niliukata. Mwezi wa kumi. Niliukata mimi kwa grenda ya baba, nikaufunga waya usijue. Kila siku nimekuwa nakudanganya. Mti hauna kitu kinachoushika. Twende, nakuomba."

Mama hakushtuka. Ndicho kilichoniogopesha kwanza. Aliutazama mti, kisha akanitazama mimi kwa macho makavu kabisa.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona?"

"Sikuwa nimelala. Nilikuona unakata, nikakuona umeshuka unakimbia, ukarudi na waya. Nikasema, atakuja kuniambia. Nikakuuliza siku hiyohiyo. Ukasema upo." Alivuta pumzi. "Nikakuuliza kila siku, Glenda. Kila siku ulisema upo."

"Niliogopa, Mama."

"Basi nikakuomba unisogeze dirishani. Hapa, chini yake kabisa. Nilitaka kujua. Nikasema moyoni, akikataa, basi lilikuwa kosa tu, ana aibu. Nikakutazama usoni." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Ukanisogeza."

Dewey aligeuka akatazama ukuta.

"Nikajua umechoka nami," mama akasema. "Sikukulaumu. Kuniosha, kunigeuza, mwaka mzima ungekwenda hivyo, nani asiyechoka. Nikasema kama ndivyo anavyotaka, acha uje. Sitamsumbua kwa kukataa."

Nimeogopa mara nyingi maishani. Niliwahi kuteleza na basi lililojaa watoto kwenye daraja. Nilikuwa nimeogopa ule mti miezi minne mizima. Hofu hizo zote nikiziweka pamoja hazifikii ile iliyoniingia nikiwa nimepiga magoti pale, nilipoelewa kwamba mama yangu alikuwa amelala usiku na mchana chini ya ule mti akisubiri nimuue, na asubuhi akifumbua macho ananiuliza kuhusu mnyororo, na mimi namjibu, namletea uji. Kila upepo uliponishtua jikoni ulimshtua na yeye sebuleni, kila mtu peke yake. Na ule mkono alioshikia chuma kila nikimgeuza haukuwa uzee. Alikuwa ananiogopa.

"Sijachoka," nikasema. Nilikuwa nalia mpaka maneno hayatoki sawa. "Mama, sijachoka nawe hata siku moja. Mimi ni mjinga. Nilikusogeza kwa sababu kukukatalia ningelazimika kukwambia. Ni hivyo tu. Hakuna kingine. Ni ujinga tu, Mama."

Alinitazama. Sijui aliona nini. Mpea wa jirani wa pili ukavunjika, vioo vya baraza yake vikapiga ukuta wetu, kisha ule wa nyumba ya pembeni yetu kabisa ukafuata bila hata kuguna, na nyumba yetu yote ikatetemeka. Ulikuwa umebaki mmoja tu.

"Haya," mama akasema. "Dewey, acha kutazama ukuta. Njoo unibebe."

Mikono ya Dewey ikainuka. Kitanda kisingepita mlangoni, hilo tulilijua, kwa hiyo alishika shuka upande wa kichwa nami nikashika upande wa miguu, tukamwinua na blanketi zake zote. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyokumbuka. Tulivuka sebule tukijipigapiga kwenye viti, tukafika kwenye korido, na Dewey alikuwa bado hajaingiza kisigino chake cha pili uliposikika mlio. Sikuusikia kama bunduki safari hii. Niliusikia kwa kifua. Upepo wa baridi ulipita juu yetu ukiwa na vumbi la dari na chembe za barafu, tukaanguka chini sote watatu, mimi nikiwa juu ya mama, nimemfunika.

Kimya kiliporudi nilimtazama kwanza. Alikuwa anapumua. Alikuwa ameukamata mkono wa sweta yangu.

Shina lilikuwa limeingia kupitia dirishani na sehemu ya ukuta. Lilikuwa limelala juu ya kitanda urefu wote, kitanda kimekunjika katikati mpaka sakafuni. Juu ya mto, mahali pa kichwa, kulikuwa na tawi lenye matumba ya maua, kila moja ndani ya barafu yake. Kwenye gome kilining'inia kipande cha mnyororo wa baba. Dewey alivitazama vile vitu, akavaa kofia, akavua tena.

Tulimpeleka mama chumba cha nyuma, ambako hakuna mti. Ukuta wa sebule ukapigwa mbao. Watu walikuja na vyungu vya maharage na mikate ya mahindi, kila mmoja akisimulia mpea wake. Mama aliwasikiliza wote. Habari ya mnyororo hakumwambia mtu, wala Dewey hakusema, na kwa Dewey hiyo ni kazi kubwa kuliko kuvuka barafu. Mimi mama aliniambia, siku ya tatu, bila kuulizwa: "Nimekuamini, Glenda." Nikasema asante, Mama.

Lakini mikono haidanganyi. Kila nilipoinama kumgeuza, mkono wake ulikwenda kwenye kile chuma cha kitanda kipya na kukibana. Pengine hakujua. Mimi nilijua. Nilimlisha, nilimwosha, nilimgeuza, na kila mara nilitazama vile vidole vikikaza mpaka vinakuwa vyeupe, nikawa naogopa kwamba ndivyo itakavyokuwa mpaka siku ya mwisho, kwamba mama yangu atanifia akiniamini mdomoni tu.

Wiki ya kwanza ya Machi ile nusu iliyobaki imesimama ilitoa maua. Haikuwa na aibu kabisa. Upande mmoja jeraha refu la njano kutoka panda mpaka chini, upande wa pili meupe yamejaa, na harufu ile ya samaki ikaingia mpaka chumba cha nyuma. Fundi alikuwa aje Alhamisi. Jumanne asubuhi niliingia na uji, nikamkuta mama amegeuzia uso mlangoni, ananingoja.

"Umechanua," akasema. "Nausikia."

"Umechanua, Mama. Nusu."

"Nipeleke sebuleni. Palepale dirishani mlipopiga mbao, kuna upenyo, nimemsikia Dewey akisema. Nisogeze nikautazame."

Alisema polepole, na macho yake yalikuwa usoni kwangu. Nilishika kitanda kwa mikono miwili, kama siku ile.

"Hapana, Mama," nikasema. "Sikusogezi. Ile nusu nayo ina ufa, nimeupima leo. Hata ulie, hata unichukie, pale sikupeleki."

  Akafumba macho, na nilipoinama kumgeuza aelekee ukutani, mkono wake ulibaki juu ya blanketi, umelegea, kiganja kikitazama juu.